Hela Ninayo, Ila Haishikiki

Wadogo zangu wa Morogoro hawaachi kuniuliza WhatsApp: "Dada, eti Ujerumani kusoma ni bure?" Hapa Göttingen ada ndiyo hakuna. Tunalipa mchango wa muhula tu, na humo humo mna nauli ya treni. Habari iko kwenye akaunti ya kufungiwa hela.

Nilipoomba viza mwishoni mwa 2024, mtu asiye na ufadhili alitakiwa aonyeshe euro 11,904 za mwaka mzima, zimelala benki, kabla hajapanda ndege. Kwetu zilitafutwa kama michango ya harusi: mwenyekiti, mweka hazina, ahadi kwenye daftari. Baba mdogo akauza kiwanja cha Kihonda. Ukishafika, unaachiwa 992 kwa mwezi, basi. Toa kodi ya chumba, bima ya afya, simu. Ikifika tarehe 20 unahesabu viazi. Nyumbani nako, aliyechanga Sh 50,000 anajua unakalia mamilioni. Shangazi aliomba nimtumie "hata nusu" aezekee. Nimemweleza hadi nimechoka, bado ameninunia. Simlaumu, maana hata mimi nikisikia hadithi hiyo nisingeiamini.

Sheria inaruhusu kazi siku 140 kwa mwaka, kwa hiyo wikendi naosha vyombo mgahawani. Baridi unaizoea, mradi upate koti zuri la mtumba. Giza ndilo lilinitesa. Desemba jua linachomoza saa mbili imeshapita, na ikigonga saa kumi na nusu jioni limezama.

Lakini maabara! Nimekabidhiwa ufunguo, naingia nitakapo. Napima kaboni, ile inayobaki majani yakioza, kwenye udongo wa Mgeta, kwao bibi yangu (makaratasi ya kuuingiza huo udongo yalinisumbua kuliko viza). Unaukausha, unauchekecha, unausaga, kisha unafunga miligramu chache kwenye kikopo cha bati kisichozidi punje ya mahindi. Profesa alipoona namba zangu akasema haziamini. Nimelelewa kwamba mwalimu akisema, unaandika. Siku hiyo nikamjibu: wakulima wa kule huzika majani ndani ya matuta, ukichota udongo wa juu peke yake utadanganyika. Akavuta kiti, akaniambia nimchoree hayo matuta.

Tulibishana hadi bwalo likafungwa, tukakosa chakula wote wawili. Jumatano tunapima upya, safari hii udongo wa chini.