Walimjua Kitasa Kwanza

Miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuhama, mtu niliyezungumza naye kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa fundi aliyekuja kutengeneza kitasa cha mlango wangu. Kazini tulisalimiana asubuhi, tukaagana jioni, katikati kila mtu na lake. Siku za mapumziko nilifua hata nguo safi, ili mradi nipate cha kufanya.

Ndipo nikaona kikaratasi kwenye ubao wa matangazo maktaba: "Tunatafuta mchezaji mmoja. Si lazima ujue chochote." Sentensi ya pili ndiyo iliyonichukua. Ulikuwa mchezo wa kuigiza hadithi mezani. Nilishajaribu wa aina hiyo mara moja, miaka ya nyuma, kwenye meza ya mtu aliyenisahihisha kila nilipofungua kinywa. Sikurudi, wala sijuti.

Kwa asiyeujua: watu wachache wanakaa kuizunguka meza, na mmoja wao ni msimulizi. Msimulizi anaeleza mlipo, tuseme kwenye ngazi za mnara, usiku, mvua inanyesha, kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika aliyemtunga mwenyewe. Jambo likiwa na mashaka, dadu ndiyo inayoamua. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Dadu zake si zile za pande 6 tu. Zipo za pande 4, 8, 10, 12, na ile ya 20 inayotutoa jasho. Kitabu cha kanuni kinachukuliwa bure mtandaoni, si chote lakini kinatosha kuanzia, kwa hiyo sikununua kitu zaidi ya penseli.

Jioni ya kwanza hatukucheza kabisa. Msimulizi alitaka tukubaliane kwanza ni hadithi ya namna gani, na akamwuliza kila mmoja ni kitu gani asingependa kiingie humo. Mmoja alisema buibui. Mwingine, baada ya kusita kidogo, akasema asingependa mama afe. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Nilikuwa nimewajua kwa dakika arobaini tu, na tayari nilikuwa na siri mbili za kuwatunzia.

Mhusika wangu alikuwa mwizi. Jina sikuwa nalo, nikamkumbuka yule fundi, nikaandika juu ya karatasi: Kitasa.

Kitasa alikuwa na mdomo mimi nisiokuwa nao. Alibishana na walinzi, alidai malipo kabla ya kazi, alimwambia mchawi wetu waziwazi kwamba uchawi wake una harufu. Mimi nisingeweza kumwambia mtu niliyekutana naye wiki mbili zilizopita kwamba ana harufu ya chochote. Lakini mchawi alijibu, kuhani akacheka hadi karatasi zikaanguka, na wiki iliyofuata nilifika mapema.

Kikao ninachokikumbuka zaidi ni cha sita. Tulikuwa gerezani chini ya ngome, na Kitasa alijaribu kufungua mlango wa chumba kimoja ili tupitie humo. Nikarusha dadu: 1. Kanuni rasmi zinasema 1 ni kukosa moja kwa moja unaposhambulia tu, lakini meza yetu, kama meza nyingi, huichukulia 1 kuwa balaa popote itokeapo. Mlango ulifunguka, Kitasa akaanguka ndani, ukajifunga nyuma yake. Humo ndani mlikuwa na kizimwi mmoja, mfungwa.

Msimulizi hakuwa amemtayarisha huyo kizimwi. Nilimwona akitafuta jina kwa macho hadi juu ya kabati. Wenzangu wakawa nje wanahangaika na mlango, nami sina la kufanya ila kuongea na mfungwa. Msimulizi, kwa sauti ya kukwaruza, akauliza kwa niaba yake: "Na wewe umetoka wapi? Una watu wako?"

"Nimehamia juzi tu," Kitasa akasema. "Simjui mtu."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Msimulizi alininyamazia kidogo, kisha kizimwi akasema basi tuko wawili, na mchezo ukaendelea. Tulimtoa. Alipaswa kuwa adui wa dakika kumi, sasa ndiye anayetubebea mizigo, na anapenda kulalamika.

Tulipotoka usiku ule, yule anayemcheza kuhani alitembea nami hadi kituoni, ingawa kwake ni upande mwingine. Akauliza, "Ni Kitasa huyo aliyesema, au wewe?"

Nikamwambia ukweli. Ningeulizwa swali hilo kazini ningesema naendelea vizuri.

Kwenye simu yangu bado ameandikwa "Kuhani", maana jina lake halisi nilichelewa kulijua na baadaye kulibadilisha kukaonekana kama kumkosea heshima. Nikiulizwa ni nini hasa kilichosaidia, nadhani ni ile ratiba kwanza: kila wiki, siku ileile, bila mtu kulazimika kumwomba mwenzake wakutane. Watu wazima tunaona haya sana kuomba. Nilipougua na kukosa vikao viwili, waliamua Kitasa amelala kwenye mkokoteni, na msimulizi akanitumia taarifa ya jinsi anavyokoroma.

Mwezi uliopita kitasa changu, kile cha mlangoni, kiliharibika tena. Safari hii sikumpigia fundi. Nilimpigia mchawi, akaja na bisibisi, na Kuhani akaja kutazama. Kabla ya kugusa kitu, mchawi akatoa mfukoni dadu ya pande 20, akairusha sakafuni.

Ikasimama kwenye 3. Tukamwita fundi.