Siku za kumwagilia maji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Zekaria 4:10: "Maana ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo?"

Tangu tuanze kujenga nyumba yetu nje kidogo ya Dodoma, kila jioni watoto huniuliza, "Baba, leo imefika wapi?" Siku ya kupanga tofali jibu huwa jepesi, kwa kuwa kozi zinahesabika. Lakini wiki iliyopita tulimwaga zege la lenta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha, na tangu hapo fundi hajaongeza hata tofali moja. Kazi iliyopo ni kumwagilia maji asubuhi na jioni, na kwa ukame wa huku kila dumu tunalinunua. Jumatano nilikaribia kuacha. Fundi akanieleza kwa upole kwamba zege halikomai kwa kukauka, bali kwa saruji kushikana na maji, kazi inayoendelea ndani kwa ndani hata siku 28 na zaidi, na kwamba jua likiliwahi hupasuka na kubaki dhaifu hata kama kwa nje linaonekana gumu. Nikashika ndoo. Zege lilibadilika kutoka kijivu cheupe likawa jeusi jeusi, na baada ya dakika chache lilikuwa limeyanywa maji yote.

Walioambiwa neno la Zekaria walikuwa wamerudi kutoka Babeli, wakaweka msingi wa Hekalu huku wazee walioiona nyumba ya kwanza wakilia, kisha kazi ikasimamishwa mpaka mwaka wa 2 wa Dario, mfalme wa Uajemi. Nani kati yetu hajaona boma lililokaa hadi nyasi zikaota sebuleni? Nyumba ile ilimalizika mwaka wa 6 wa mfalme huyo. Lakini katika mstari wetu Bwana hasemi habari za paa, anasema watafurahi wakiiona timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, mkononi mwa Zerubabeli, aliyeongoza ujenzi ule. Timazi! Hiyo hiyo ndiyo iliyotulazimu mwezi jana kubomoa kozi tatu za chumba cha watoto kwa sababu ukuta ulikuwa umelala, na jioni ile nilinyamaza walipouliza. Sasa naamini kwamba hata siku ile nyumba ilijengwa.

Leo wakiuliza nitawaambia kwamba imekunywa madumu sita, kisha tutashukuru pamoja kama tulivyoshukuru siku ya kuchimba msingi.