Siku Kiranja Aliyokataa Kula

Shangazi alikuwa na sheria moja bandani: ukifika alfajiri, usigonge ndoo wala usiite. Simama nje ya ukuta uwatazame nguruwe kabla hawajajua kwamba umefika. Alisema nguruwe akishasikia ndoo, hata mgonjwa hujikaza akainuka kwa kuwa wenzake wameinuka, na wewe unaondoka ukidhani wote wazima. Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa kwake na kumsaidia kazi ya mifugo. Mengi ninayoyajua kuhusu nguruwe nilijifunza nikiwa nimesimama kimya pale ukutani.

Asubuhi ninayoikumbuka hadi leo palikuwa na joto tangu mapema. Wengi walikuwa wamelala ubavu, miguu wameinyoosha, jinsi nguruwe asiye na shida anavyolala kukiwa na joto. Mmoja tu alikuwa peke yake kwenye kona, amelalia tumbo, miguu ameikunja chini ya mwili. Alikuwa Kiranja, dume aliyehasiwa, mweupe, wa miezi mitano hivi. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kufika horini wa kwanza na kuwasukuma wenzake wote.

Shangazi alimwona kabla yangu. Aligonga ndoo makusudi. Wengine wakainuka kwa kelele zao za kila siku. Kiranja naye akainuka, akapiga ukwenzi aliposimama, akabaki pale pale mgongo ameupinda. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine kama sakafu inamchoma. Mkia ulining'inia. Aliutazama umati uliokuwa horini, kisha akalala tena.

"Mwanangu, leta kipimajoto," shangazi akasema, "na usiingie na viatu hivyo."

Wapo wanaopima homa ya nguruwe kwa kumshika masikio. Mimi siamini kipimo hicho, kwa sababu sikio hupoa kwa upepo na kupata moto kwa jua, homa iwepo au isiwepo. Kipimajoto huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kikaachwa pale mpaka kitulie. Nguruwe mzima huwa na nyuzi 39 hivi. Ukisoma zaidi ya 40 kwa mnyama aliyekuwa amelala kivulini, jua una jambo. Cha Kiranja kilisoma 41.6. Kinyesi kilichokuwa nyuma yake kilikuwa vigololi vikavu, vigumu. Ncha za masikio na ngozi ya tumbo zilianza kuwa nyekundu.

Niliuona uso wa shangazi ukibadilika, nami nikajua anafikiria nini. Homa kali, kukataa kula, ngozi nyekundu masikioni na tumboni: hivyo hivyo ndivyo inavyoanza homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao haumdhuru binadamu lakini unaweza kumaliza banda zima, na hauna dawa. Virusi vyake hubebwa na viatu, ndoo, gari na mabaki ya nyama. Shangazi alifunga lango. Akatenga viatu vya bandani na vya nje. Aliagiza wazima walishwe kwanza na mgonjwa awe wa mwisho. Akampigia simu daktari wa mifugo, kisha akawapigia wafugaji wa jirani, akawaambia wazi kwamba ana mgonjwa na hajui ni nini, kwa hiyo wasije kwake.

Asubuhi hiyo hiyo mnunuzi alipiga simu akitaka nguruwe kadhaa. Fedha hiyo shangazi alikuwa anaihitaji sana. Alimjibu kwamba hapa hatoki nguruwe mpaka daktari aseme. Wengi hufanya kinyume kabisa: wakiona mmoja ameugua, huwahi kuwauza waliobaki kabla hasara haijawafikia, na ugonjwa ukapanda gari pamoja na wanyama hao. Namheshimu shangazi kwa mambo mengi, lakini kwa jibu lile namheshimu zaidi.

Daktari alifika akavaa buti na glavu. Hakukimbilia sindano. Aliuliza: amekunywa maji? Kuna aliyekufa ghafla? Kuna jike aliyetupa mimba? Mmeleta nguruwe mpya, au mabaki ya jikoni? Majibu yetu yote yalikuwa hapana, isipokuwa la maji, ambayo Kiranja alikuwa anayanusa tu. Kisha daktari akachuchumaa, akapitisha kiganja polepole mgongoni mwa Kiranja, kutoka mabegani hadi kiunoni. Akasimamisha mkono.

"Hebu vaa glavu, uguse hapa."

Kwa macho sikuona chochote. Chini ya vidole, ngozi ilikuwa na vinundu bapa vilivyoinuka kidogo, vyenye kingo, kama vile kitu kimewekwa chini ya ngozi. Baada ya muda vilijitokeza wazi: mabaka mekundu yenye pembe nne, umbo la uru kwenye karata. Daktari alisema hiyo ni erisipela, ugonjwa wa bakteria ambao nguruwe wengi wazima huwa nao kooni bila kuugua, mpaka joto au usumbufu mwingine uwapunguzie nguvu. Ndiyo maana unaweza kuzuka hata pasipo na mgeni bandani. Glavu alizisisitiza, maana bakteria hao humwingia mtu kupitia mchubuko, na vidole huvimba na kuuma.

Hata hivyo hakutuambia tulale usingizi. Alichoma penisilini, na pia akachukua damu ya kupeleka maabara, kwa kuwa macho na viganja haviwezi kuiondoa shaka ya homa ya nguruwe ya Afrika. "Kama ni erisipela, kesho mtaona tofauti. Kama ni ile nyingine, sindano hii haitabadili kitu. Lango libaki limefungwa hadi maabara ijibu."

Kisha akasema tuwapime wote. Kazi ilikuwa ndefu na ya makelele, na ndiyo iliyotuonyesha wa pili. Alikuwa jike mweusi aliyekula asubuhi ile kama kawaida yake. Kipimajoto kilisoma 40.7. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani; ukimtazama kwa pembeni, jua likimpiga, uliona manyoya yamesimama kwa mafungumafungu mgongoni, na ukigusa hapo, kinundu. Naye alichomwa. Bila kupima tungempita, maana kwa macho alikuwa mzima kabisa.

Kesho yake Kiranja alikuwa na nyuzi 39.8. Alikunywa maji mengi, akala kidogo, akasimama bila kupiga kelele. Tuliendelea na sindano kwa siku alizoagiza daktari, ingawa mgonjwa tayari alikuwa anasukuma wenzake. Mabaka yalififia, mengine yakaacha ngozi iliyobambuka. Jike mweusi hakupona sawasawa: homa ilishuka, lakini kiungo cha mguu wa nyuma kilivimba baada ya wiki chache, na shangazi akaacha mpango wa kumfanya mzazi. Erisipela hufanya hivyo, huondoka kwenye damu na kubaki kwenye viungo.

Majibu ya maabara yalipokuja kwamba homa ya nguruwe ya Afrika haipo, shangazi alimpigia mnunuzi mwisho. Kwanza aliwapigia wale majirani aliowatahadharisha, mmoja mmoja, akawaambia ni erisipela, ina chanjo, na wasisubiri nguruwe wao augue ndipo wachanje.