Wiki sita za kulifunza kazi sikio langu zima

Katika picha ya MRI uvimbe ulionekana kama kunde, umekaa kwenye mshipa wa fahamu unaotoka sikio la kushoto kwenda ubongoni. Si saratani, daktari akasema, lakini wangu umeshakua kiasi cha kutolewa. Kilichonitisha ni jambo jengine: mshipa huo ndio unaoupa ubongo habari za usawa wa mwili. Siku ukikatwa, ubongo hubaki ghafla na upande mmoja, na mtu huamka anatapika, macho yakimchezacheza.

Nilikuwa na wiki sita kabla ya upasuaji. Mtaalamu wa fiziotherapia akataka tuanze siku ile ile, ili ubongo uzoee mapema kutegemea sikio zima la kulia, macho na nyayo. Alinieleza kwamba mazoezi ya aina hii madaktari Cawthorne na Cooksey waliyaanzisha Uingereza miaka ya 1940.

Nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, nilitundika kalenda ukutani, nikawa naikazia macho tarehe 14 huku nikigeuza kichwa kulia na kushoto, dakika moja, mara tatu kwa siku. Wiki ya kwanza ile 14 iliruka kama samaki wavuni. Kichefuchefu kikinipanda, naacha. Hapo nilikosea, kwani kile kizunguzungu kidogo ndicho kinachoufunza ubongo. Kikizidi, unapunguza kasi, unapumzika, kisha unarudi.

Kigumu zaidi kilikuwa kusimama juu ya mto wa sponji, miguu pamoja, macho nimefumba. Nilisimama pembeni mwa chumba, kuta mbili nyuma yangu, na binti yangu mbele amenyoosha mikono.

"Mama, wainamia kushoto."

Mwenyewe sikuhisi kama nainama! Usilijaribu hili peke yako hata kidogo.

Jioni tulikwenda ufukweni Mama Ngina, tukitembea, mimi nikitazama bahari, kisha barabara, kisha bahari tena.

Baada ya upasuaji kizunguzungu kilikuja, siku mbili kitanda kikizunguka. Siku ya nne nilitembea ukumbini nimemshika binti yangu mkono, na nilipofika nyumbani nikarudi kwa kalenda yangu. Usikivu wa kushoto umekwenda, mazoezi hayaurudishi. Mchana natembea sawasawa hadi sokoni Marikiti. Stima ikipotea usiku, bado naugusa ukuta hadi mlangoni.