Robo, nusu na 0.35: kumfundisha mtoto kulinganisha desimali

Mwandikie mtoto 0.4 na 0.35, kisha muulize ipi kubwa. Wengi watachagua 0.35, na sababu wanayo: 35 inaizidi 4. Mtoto huyo anaiona nukta kama ukuta, na kila upande wa ukuta ana namba nzima inayojitegemea. Mara nyingi sisi wakubwa ndio tuliomfundisha hivyo kwa kumsomea "sifuri nukta thelathini na tano". Isomwe "sifuri nukta tatu tano" tangu siku ya kwanza.

Kosa la pili limejificha zaidi. Yupo mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, akahitimisha kuwa namba yenye tarakimu nyingi baada ya nukta ndiyo ndogo. Mpe 4.8 na 4.63, atapata, nawe utamwekea vema. Mpe 5.736 na 5.62, atakuambia 5.62 ndiyo kubwa. Kwa hiyo zoezi la kumpima lichanganye jozi za aina zote: ndefu iliyo ndogo (4.8 na 4.63), ndefu iliyo kubwa (5.736 na 5.62), yenye sifuri katikati (2.05 na 2.3) na zilizo sawa (0.5 na 0.50). Zoezi ambalo kila namba ina tarakimu mbili baada ya nukta halikuonyeshi kitu. Mtoto atalinganisha 47 na 52 kama kawaida yake na kupata zote.

Kabla ya kanuni yoyote, anzia dukani. Mtoto anayetumwa sukari anajua kuwa robo kilo ni ndogo kuliko nusu kilo. Mwandikie: robo ni 0.25, nusu ni 0.5, robo tatu ni 0.75. Akishikilia kwamba 0.25 ni kubwa kuliko 0.5, muulize ipi itamlemea zaidi njiani, robo au nusu. Mwache abishane na jibu lake mwenyewe. Mifano ya senti iliyojaa vitabuni haisaidii sana: watoto wengi wa siku hizi hawajapata kushika senti, na tena fedha huishia tarakimu mbili, kwa hiyo 0.507 haina pa kukaa.

Kisha fungua daftari la hesabu lenye viboksi. Chora mraba wa viboksi 10 kwa 10. Mraba wote ni 1, safu moja ya wima ni 0.1, kiboksi kimoja ni 0.01. Kwa 0.4 apake rangi safu 4, kwa 0.35, katika mraba mwingine, apake safu 3 na viboksi 5. Akihesabu, 0.4 ina viboksi 40. Hapo tu ndipo umruhusu kujaza sifuri mwishoni, 0.4 kuwa 0.40, kwa sababu ameshaona kilichomo. Ukimpa mbinu ya sifuri mapema atapata majibu bila kuelewa, na siku moja ataiweka sifuri upande usiofaa: 0.04. Kwa sehemu za elfu, viboksi havitoshi. Chukua tepu ya seremala. Mita 0.507 ni milimita 507.

Kupanga namba nyingi humshinda mtoto anayetaka kuziona zote kwa mara moja. Mfundishe kuzigawa makundi. Tuchukue 0.6, 0.58, 0.507, 0.06 na 0.65. Aziandike wima, nukta chini ya nukta, kisha atazame sehemu za kumi pekee: yenye 0 ni 0.06, zenye 5 ni 0.58 na 0.507, zenye 6 ni 0.6 na 0.65. Sasa ndani ya kila kundi atazame sehemu za mia. Jibu: 0.06, 0.507, 0.58, 0.6, 0.65.

Michezo ina namba nzuri za kweli. Mwaka 2015 Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 huko Beijing. Mwaka 2024 Arshad Nadeem akarusha 92.97 jijini Paris. Namba nzima ni zile zile, sehemu za kumi ndizo zinazoamua. Kwenye mbio uwe mwangalifu: katika mita 100, sekunde 9.58 za Usain Bolt zinazishinda 9.77 za Ferdinand Omanyala kwa kuwa chache, na mtoto huchanganya "bora" na "kubwa".

Tazama pia yaliyomo ya kitabu chake cha hesabu: baada ya mada 3.9 huja 3.10. Mwambie wazi kwamba ile si desimali.

Akishaweza yote haya, muulize namba iliyopo kati ya 0.4 na 0.5. Akisema hakuna, mrudishe kwenye viboksi, ahesabu vilivyo kati ya 40 na 50.