Kwenye gemu binadamu siwachagui kabisa, na imenisaidia kukaa na watu

Kinachonichosha nikiwa na watu ni zile sheria ambazo hakuna aliyewahi kukwambia ila wote wanazijua. Umwangalie mtu machoni mpaka wapi kabla hajaona unamkodolea, uingilie maongezi sekunde gani, ukiulizwa mzima ujibu mzima hata kama unaumwa. Nikiharibu naona kwenye nyuso zao kabisa kwamba nimeharibu, ila nimeharibu nini ndo sijui.

Sasa kwenye gemu za kuchagua uwe nani, wenzangu wanatumia muda mwingi kutengeneza mtu anayefanana nao, pua, nywele, mpaka makovu, mimi hiyo sehemu ya binadamu naipita tu. Skyrim, ile ya 2011, nilianza na Argonian, watu mijusi, nikawa nawaambia marafiki ni kwa sababu anapumua chini ya maji. Baadaye nikahamia Khajiit, wale paka, na hapo ndo nikaanza kujielewa. Yaani kwenye ile gemu misafara ya Khajiit hairuhusiwi kuingia mjini, wanapiga mahema nje ya geti, ukifika unawakuta wametulia, wanauza vitu vyao, wanaendelea na maisha. Kule Windhelm nako Argonian wanafanya kazi bandarini ila kuishi ndani ya kuta za mji hawaruhusiwi. Nilikuwa naweza kukaa pale kwenye mahema bila kufanya misheni yoyote. Ni ubaguzi, najua, na gemu yenyewe haifichi, lakini angalau wale kila mtu anajua kwa nini wako nje, hakuna anayewafuata kuwauliza mbona umepoa leo.

Ila hao wote ni kompyuta, kwa watu halisi ilikuwa ngoma nyingine. Iliyonivusha ni World of Warcraft, gemu ya mtandaoni unayocheza na watu wengine, nikacheza Tauren, hawa wenye kichwa cha fahali, wakubwa kweli, nikachukua kazi ya mponyaji. Hapo sikuwa na haja ya kutafuta cha kusema maana kazi yenyewe inakupa maneno, nani anakufa, nani arudi nyuma, subirini sina nguvu. Mwanzo niliandika tu, maiki nimezima, nikawa najibu kama fahali, polepole, maneno mawili matatu, na watu wakazoea kwamba huyu ng'ombe ndivyo alivyo, wakaona inachekesha, hakuna aliyenuna. Nilipokuja kuwasha maiki wameshanizoea, nikaendelea na ule ule ufupi wangu.

Kumbe kuna watu wamelichunguza hili, Nick Yee na Jeremy Bailenson walichapisha utafiti 2007, wakaliita athari ya Proteus, kwamba umbo ulilopewa kwenye dunia ya kompyuta linabadilisha unavyojiendesha, waliopewa umbo refu walijiamini zaidi kwenye mazungumzo ya kutafuta makubaliano. Na mimi nilikuwa fahali anayemzidi kila mtu kwa urefu, so sishangai.

Nje ya gemu nilichochukua ni ile kazi. Nikialikwa mahali siku hizi naomba kitu cha kufanya mapema, kupanga viti, kupiga picha, kugawa vinywaji, hapo nina sababu ya kumsogelea mtu na sababu ya kuondoka, na hiyo ya kuondoka ndo tamu zaidi. Pia nawaambia watu wa karibu mapema, jamani mimi huwa nachelewa kujibu, sijakasirika. Wengi wanasema sawa na yanaisha, wachache wanaanza kunipa ushauri, hao nawagawia vinywaji haraka.

Kuna anayesema huku ni kuukimbia ubinadamu. Siku nyingine ni kweli, kuna wikiendi nimejifungia na mijusi yangu na simu nimezima, sikatai. Sherehe bado sizipendi na sina mpango wa kuzipenda. Ila wale wa kwenye gildi, kikundi changu cha World of Warcraft, bado tunaongea, na maiki iko wazi. Juzi nimeanza gemu nyingine, Baldur's Gate 3, na dragonborn, wale watu wa ukoo wa joka, mmoja wa gildi akaniuliza mbona huyo dragonborn hana mkia, tukabishana mpaka usiku wa manane kama joka asiye na mkia ni joka. Mimi nasema ni joka, yeye anasema ni mjusi aliyepata ajali, na bado hajakubali.