Bibi na chupa mbili za nusu lita

Masika moja nilikuwa nesi kwenye zahanati ya kijijini, wilaya ya Micheweni huku Pemba, na masika mnayajua, visima vinaingia uchafu na watoto wa kuharisha hawakatiki mlangoni. Asubuhi akaingia bibi mmoja kambeba mjukuu kwenye kanga, mama mtu yuko nyuma, msichana mdogo tu, kimya. Mtoto ana miezi 10, anaharisha na kutapika tangu juzi usiku, macho yamezama, analia machozi hayatoki. Nikamfinya ngozi ya tumbo nikaachia, ikarudi taratibu. Ila nilivomsogezea kijiko cha maji alikidaka kwa mikono miwili, nikapata moyo, maana mtoto anaekunywa kwa pupa vile bado hajafika pa kutundikiwa dripu.

Nikauliza nyumbani kapewa nini. Akajibu bibi, "Meno hayo mwanangu. Nimewaambia wasimpe maji, akinywa tu yanatoka, na ziwa nimelizuia." Na ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayokorogwa kwenye maji? Jirani alimpa pakti, kakoroga nusu kwenye glasi ya chai, mtoto kaitema.

Sasa ningemvuta mama pembeni nimfundishe peke yake ingekuwa kazi bure, nyumba ile neno la mwisho ni la bibi, na kumsahihisha mbele ya mwanawe ni kumvunjia heshima. Nikamwambia, "Bibi, nikorogee wewe." Nikampa chupa mbili za maji za nusu lita, akazimimina zote kwenye jagi, akafungua pakti akamwaga yote kwa pamoja. Nikamweleza kwamba maji yakiwa machache chumvi inakuwa kali na inaweza kumdhuru mtoto, na ukitia kwenye ile chupa kubwa ya lita moja na nusu dawa inapwaya, haifanyi kazi sawasawa. Nikamwambia aonje. Akaonja, akanitazama, "Kumbe chumvi yake ndogo hivi, kama ya machozi."

Mtoto alikuwa kilo 8, hesabu yake mililita 600 ndani ya masaa 4. Bibi akakaa mkekani na kijiko, kimoja kimoja. Baadae mtoto akatapika yote, bibi akaweka kijiko chini, "Unaona?!" Nikamwambia tungoje dakika 10 tuanze tena, pole pole zaidi, maana kinachoua watoto kwenye kuharisha ni maji yanayotoka bila kurudishwa, meno hayana kosa na ziwa la mama halina kosa, mpe anyonye kila akitaka. Mama akamchukua akamnyonyesha, ndo mara ya kwanza namwona anacheka. Kabla ya adhuhuri mtoto akakojoa kwenye kanga ya bibi, bibi akasema alhamdulillahi kwa sauti hadi waliokuwa nje wakasikia.

Nikawapa na zinki, kidonge kimoja kwa siku kwa siku 10, kinayeyushwa kwenye kijiko kwa maji au maziwa ya mama. WHO na UNICEF wanaipendekeza pamoja na ORS tangu 2004, inafupisha kuharisha na kupunguza kurudi miezi miwili mitatu ya mbele. Nikasisitiza asiache hata choo kikikaza, na akishindwa kunywa au choo kikitoka na damu wasingoje asubuhi, waje.

Wiki ile ile bibi akarudi, kamshika mkono jirani mwenye mtoto anaeharisha. Sijafungua mdomo, keshamgeukia jirani yake: "Chupa mbili za nusu lita, pakti nzima, na ziwa usimnyime."